Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo cha Uuguzi: Tufundisheni na Sisi Wagonjwa

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Nilikuwa nimelazwa katika wodi ambayo wanafunzi wako wa mwaka wa kwanza huja kujifunzia, na nimetoka na pendekezo. Nasikia chuoni mna mdoli mzuri wa mazoezi: hakohoi akisikilizwa kifua, hakatizi maswali, wala hana shangazi wa kumjibia. Wanafunzi wamemzoea. Kasoro ni sisi tunaopumua, basi anzisheni kozi fupi ya wagonjwa.

Somo la kwanza liwe hilohilo la kupumua. Asubuhi moja kijana alipita kitanda hadi kitanda, na faili zetu zote zikaandikwa 20. Mzee wa pumu, anayehema kama mivukuto ya mhunzi: 20. Mimi niliyekuwa usingizini: 20. Jirani yangu, aliyekuwa msalani: 20. Mshikamano kama huo hata bungeni haupo. Vitabu husema mtu mzima asiye na maradhi hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kwamba muuguzi ahesabu dakika nzima huku bado amemshika kifundo cha mkono kana kwamba anahesabu mapigo, ili mgonjwa asijue akabadili pumzi. Lakini dakika nzima, Mkuu! Na karatasi ya tiki inasubiri.

Somo la pili, maumivu. Bibi mmoja aliulizwa yanamuuma kiasi gani, sifuri hadi kumi. Akaanza kusimulia: yalianzia kiunoni akiinua ndoo, yakashuka mguuni, na sasa unyayo una ganzi.

"Bibi, mimi nataka namba tu."

"Haya, mwanangu. Saba."

Akanyamaza. Ganzi haikuwa na kisanduku chake.

Florence Nightingale aliandika mwaka 1859 kwamba anayezungumza na mgonjwa akae mahali anapoonekana bila mgonjwa kuhangaika kugeuza kichwa. Hakuwa na tiki za kujaza, mama wa watu. Sisi tufundisheni kugeuza shingo upesi.

Kuna binti mmoja lazima nimshitaki. Alivuta kiti, akaamkia, akauliza, "Ni nini kinachokutia hofu zaidi?" kisha akanyamaza asikilize. Tulimwambia kila kitu, hata mitishamba tuliyomficha daktari. Mkufunzi akamkaripia kwa kuchelewesha wenzake. Karipio halitoshi, mpeni onyo la maandishi kabla hajaigwa.

Ada ya kozi yetu tunaomba tulipe kwa awamu.

Wako mtiifu,
Kitanda namba 9