Kwangu Inafungua, Kwako Je?

Ndugu msomaji, kama una mke mwenye biashara, mama mkwe mwenye maoni na shemeji anayejua kompyuta, sogea hapa karibu. Wewe na mimi tutaelewana upesi.

Sisi tunakaa Shelly Beach. Ukishavuka feri ya Likoni, unakata kushoto unafuata barabara ya ufuoni. Mke wangu, ambaye nyumbani hatumwiti ila Meneja, ana vyumba viwili vya wageni uani. Wageni wake wengi ni watu wa bara. Hushuka kwenye treni ya Madaraka Express pale Miritini, wengine wakavuka feri, wengine siku hizi wakazunguka kwa Dongo Kundu, wakafika kwetu na mabegi, watoto na njaa. Wanatupata kwa tovuti yake, ile inayoishia na .co.ke. Kaskazi ikianza kuvuma na shule zikifungwa, tovuti hiyo ndiyo inayotafuta karo ya Januari. Kwa hivyo ilipozimika mwanzo wa Disemba, nyumba nzima ilizimika nayo.

Habari tuliletewa na mgeni mmoja kutoka Nakuru. Alipiga simu asubuhi, tukiwa kwenye mahamri na mbaazi, akauliza kwa upole, "Mama, kwani mmefunga?" Meneja akachukua simu yake akaandika jina la tovuti. Brauza ikamjibu kwamba tovuti haifikiki, anwani ya seva haikupatikana. Akaniangalia mimi. Sijui kwa nini katika nyumba hii kitu kikiharibika huangaliwa mimi, lakini ndivyo ilivyo tangu siku ya harusi.

"Mbona kwangu inafungua?" akasema binti yetu mkubwa, Karani, aliyeshika tableti yake. Na kweli, picha ya vyumba ilikuwa pale, na kitanda chenye chandarua na bahari kwa mbali.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Bi Redio, yaani mama mkwe wangu, akajaribu kwa simu yake: haifunguki. Akapigiwa Khalati wa Kisauni: inafungua, tena anaiona vizuri kabisa. Jirani wa mbele: haifunguki. Kitinda mimba wetu, Tufani, ambaye hana simu, akapiga kelele kwamba kwake pia haifunguki. Nyumba ikagawanyika pande mbili, na kila upande ukauona mwingine waongo. Meneja akamwambia dada yake wa Kisauni asimfanyie mzaha kwenye riziki. Khalati akakata simu. Kufikia adhuhuri nilikuwa nasuluhisha ugomvi wa ndugu wawili kwa sababu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekijua jina.

Kila mtu akaja na sababu yake. Jirani akasema kebo ya baharini imekatika, kama tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika siku moja na intaneti ya Kenya na Tanzania ikawa ya kuvuta kwa kamba. Haikuwa hivyo, maana WhatsApp ilikuwa inapitisha matusi ya Kisauni bila shida yoyote. Bi Redio yeye akasema ni hasidi. Kuna mtu amekiona chumba cha pili tulivyokipaka rangi, akakitia jicho. Akawasha chetezo, akafukiza ubani kuanzia ukumbini mpaka kwenye ruta, akaizungusha ruta moshi mpaka taa zake zikafifia machoni petu. Sikumzuia. Mama yule ananipenda, na ubani wenyewe unanukia vizuri.

Jioni tableti ya Karani nayo ikagoma, kisha Kisauni nako kukagoma. Khalati akapiga mwenyewe kutuambia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Ndugu wakapatana hapo hapo. Tovuti ilikuwa imepotea kwa wote.

Sasa Karani. Mtoto huyu tumempa jina hilo kwa sababu tangu mdogo anaandika kila kitu kwenye daftari, hata nani alikula kaimati ya mwisho. Shuleni anasoma kompyuta. Akafungua ile skrini nyeusi ya maandishi, akaandika nslookup, kisha google.com. Jibu likaja papo hapo, na namba zake. Akaandika jina letu. Skrini ikatulia, ikatulia, kisha ikatoa neno moja la kushindwa. Akaiuliza 8.8.8.8, seva ya Google, akaiuliza 1.1.1.1, seva ya Cloudflare. Jibu lile lile. Akaweka kidole kwenye skrini akasema, "Baba, tovuti haijafa. Njia ya kuiuliza ndiyo imekatika."

Akatueleza, na mimi nakueleza wewe kama nilivyoelewa. Kompyuta hazijui majina, zinajua namba. Zamani orodha ya majina na namba zake ilikuwa faili moja, ikitunzwa mahali pamoja kule California. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni mpango uitwao DNS, kazi ikagawanywa. Fikiria mgeni ameshuka feri anauliza kwa Meneja ni wapi. Kijana wa bodaboda hajui, anamuuliza mzee wa steji. Mzee hajui nyumba, lakini anajua ni nani anayejua mambo ya Shelly Beach, anamtuma huko. Huyo naye hajui mlango, lakini anajua duka linalotuuzia unga, na mwenye duka ndiye anayeujua mlango. Wazee wa steji duniani ni seva zenye majina 13, kuanzia herufi A mpaka M. Hao wanajua kwamba .ke, iliyosajiliwa mwaka 1993, iko mikononi mwa KeNIC kule Nairobi. KeNIC wanajua seva za majina za kila tovuti ya .co.ke ziko kwa nani. Seva hizo ndizo zenye namba yenyewe. Na kijana wa bodaboda akishajua njia, huikariri kwa muda aliopewa, mara nyingi sekunde 86,400, yaani kutwa kucha, bila kuuliza tena.

Basi ndiyo maana Khalati hakuwa muongo. Mtandao wake ulikuwa bado umekariri. Simu ya Meneja ilikuwa inatumia bando la mtandao mwingine, uliokuwa umeshasahau na kwenda kuuliza upya. Na duka lilikuwa limehama! Kampuni inayotuwekea tovuti ilikuwa imebadilisha seva zake za majina na kuzima zile za zamani, na usajili wetu ulikuwa bado unaelekeza watu kwenye kibanda kilichofungwa. Picha zetu zote zilikuwa salama, malipo yamelipwa, na hakuna aliyeweza kutufikia.

Hata wakubwa hupatwa na haya. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilitoweka kwa takriban saa sita, kwa kuwa seva zao za majina zilikatika na dunia. Usiku ule Bi Redio alizima na kuwasha simu mpaka ikapata joto, na ndipo alipogundua kwamba bado anaweza kunitembelea chumbani kwangu kuzungumza.

Mbona hatukuambiwa kuhusu seva mpya? Tuliambiwa, ila barua pepe ilikwenda kwa Profesa.

Profesa ni kaka yake Meneja, yuko Muscat. Ndiye aliyetutengenezea tovuti, bure, kwa mapenzi, wakati huo akifanya kazi Nairobi, na akasajili jina kwa barua pepe ya kazini kwake. Kazi akaiacha, barua pepe ikafungwa nyuma yake. Kwa hivyo taarifa ilikuwa imelala kwenye sanduku lisilo na mwenyewe, na kila tulipoomba paswadi mpya, nayo ilikwenda kulala huko huko. Tukampigia. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja tu, lakini Profesa ana tabia ya kueleza jambo kuanzia kuumbwa kwa ulimwengu. Alitufafanulia usalama wa mtandao mpaka wali ukapoa. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kaka, andika barua kwamba jina ni langu, utie sahihi, uitume leo." Akaituma usiku ule ule. Nampenda Profesa, na nasema hivyo hapa kwa sababu kwenye simu sikupata nafasi.

Barua yake, nakala ya kitambulisho cha Meneja na leseni ya biashara ya kaunti nilizipeleka saiba karibu na feri zikaskaniwe. Kijana wa pale akatuma, mimi nikanunua viazi karai kwa sababu nisingerudi mikono mitupu kwa Tufani. Kampuni ikauliza maswali, Karani akayajibu, usajili ukahamishiwa kwa Meneja. Akaandika seva mpya za majina kwa mkono wake, herufi kwa herufi, Karani akimsomea kama imla.

Basi hapo vita vikaanza upya, upande wa pili. Kisauni inafungua! Kwetu haifunguki. Jirani inafungua! Bi Redio haifunguki, na akaniangalia mimi. Karani akasema tungoje, wengine bado wamekariri kibanda kilichofungwa. Bi Redio hakungoja, akawasha chetezo tena. Kesho yake ilipofunguka kwake, ikawa ni ubani, na ndivyo historia ilivyoandikwa katika nyumba hii.

Kisha zikaja barua pepe. Barua pepe za Meneja zinatumia jina hilo hilo la tovuti, na seva ya mtumaji isipopata njia huwa haitupi barua. Huishika na kujaribu tena, kwa kawaida kwa siku nne au tano. Zilizokuwa zimeshikwa njiani zikaingia kwa mkupuo, na mojawapo ilikuwa ya familia ya Nairobi iliyokuwa imeshalipia chumba. Chumba hicho hicho Meneja alikuwa amekwishampa mgeni wa Nakuru kwa simu. Wote wakafika Jumamosi moja. Wa Nairobi wakapewa chumba chetu cha kulala, Meneja na Karani wakaenda kwa Bi Redio, mimi na Tufani tukatandika mkeka ukumbini. Mtoto huyo hulala kama kaa, miguu kila upande. Asubuhi wageni walikula mahamri wakasifu nyumba, na Meneja alifurahi sana, basi yameisha.

Wewe mwenzangu, kama nyumbani kwako kuna duka, shule ya chekechea, madrasa au vyumba vyenye tovuti, waulize leo kabla ya magharibi: jina limesajiliwa kwa barua pepe ya nani, linaisha lini, na paswadi anayo nani. Ukiambiwa anayo shemeji, mpigie sasa hivi, kabla hajabadilisha kazi.