Sifa za Mchanga wa Laga

Lugha yetu yenyewe imeuhukumu mchanga bila kuusikiliza. Jambo likiharibika, kitumbua kimeingia mchanga. Mtu akihadaiwa, amepigwa changa la macho. Na aliyejenga juu yake anaitwa mpumbavu tangu Injili ya Mathayo. Isiolo mashtaka yanazidi: mchanga hukwamisha lori katikati ya laga, yaani mto wa msimu uliokauka, hukaa viatuni bila kulipa kodi, na upepo wa mchana huufikisha hadi kwenye ugali. Hata hivyo, nadai kwamba kaunti hii haina raia mtulivu wala mwenye faida kuushinda, pamoja na kaka zake changarawe na kokoto.

Tuanze na nasaba, kama ilivyo desturi ya kumsifu mkubwa. Mchanga ni mwamba uliosagwa ukanyenyekea, ukabaki chembe zisizozidi milimita 2. Ule unaoshushwa na mto Sabaki hutandazwa kwenye ufuo wa Malindi, na wageni hulipa fedha nyingi ili walale juu yake. Wa Isiolo hauna bahati hiyo. Mto Ewaso Ng'iro, uliozaliwa Mlima Kenya na Aberdare, hupita Archer's Post na Merti, kisha hufifia katika kinamasi cha Lorian bila kuonana na bahari. Basi huku kuna ufuo usio na bahari, na kwa kosa hilo tu mchanga wake hutukanwa. Lakini huo wa Malindi hupambwa na maji yaliyo mbele yake, ilhali wa Isiolo huyaficha tumboni.

Hapo ndipo ulipo ukuu wake. Furiko la laga linapoishiwa nguvu, hutua mizigo kwa daraja: kokoto kwanza, changarawe, kisha mchanga, na tope laini huendelea na safari. Kwa kuwa tope limeondoka, mianya kati ya chembe hubaki wazi. Jaza pipa la lita 200 mchanga mkavu hadi ukingoni, nalo bado litapokea lita 50 za maji na zaidi. Maji ya juu hunyonywa na jua. Yaliyozama kina cha mkono yamekwisha kulikimbia. Ndovu wa Samburu na Buffalo Springs wanalijua hilo, ndiyo maana wakati wa kiangazi huchimba kwa miguu na mkonga. Wachungaji nao huchimba visima humo humo wakanywesha ngamia. Machakos na Kitui wamejenga kuta za zege kukatiza mito ya msimu, makusudi ili mchanga ujae nyuma yake uwatunzie maji.

Atasema mpinzani kwamba maji ya mchangani ni machafu. Kinachochafua ni kinyesi cha mifugo kwenye kisima kilichoachwa wazi. Mchanga wenyewe ni kichujio, na London iliupa kazi hiyo kwa maji ya Thames mwaka 1829. Atasema pia kwamba nyumba ya mchanga huanguka. Amuulize fundi yeyote mjini: saruji karai 1, mchanga 2, kokoto 4. Kokoto huacha mapengo, mchanga huyaziba, saruji hufunga yaliyosalia. Anayedharau mchanga akiwa ndani ya nyumba ya mawe, anautukana akiwa ameegemea ukuta wake.

Pingamizi lenye uzito ni moja: ikiwa mchanga unajenga vizuri hivyo, kwa nini lori lisiubebe wote? Kwa sababu kazi zake mbili zinagombana. Kwenye zege, mianya lazima izibwe; kwenye laga, mianya ndiyo ghala. Lori likiondoka na mchanga limeondoka na ghala lenyewe, na mvua ijayo itapita juu ya mwamba mtupu ikimkimbilia mwingine. Miongozo ya mwaka 2007 ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, inataka mchanga wa kutosha uachwe mtoni. Kwa hiyo, ewe dereva uliyekwama ukiulaani, chukua jembe, jitoe polepole, na ukiweza uondoke bila kuupakia: huenda hapo chini ya gurudumu ndipo palipo maji ya kijiji kizima hadi mvua inyeshe tena.