Hongera, Shemeji

Shemeji, hongera kwa gari. Wenye wivu wanasema barabara ya kwenda Mtae inataka gari lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Waache. Hao ndio wanaoinama uvunguni kukagua bushi na kuulizia vipuri, utadhani wananunua ng'ombe mnadani. Wewe ulitazama yenye maana: rimu zinazong'aa, vioo vyeusi na redio yenye skrini.

Na dashibodi haisemi uongo. Gari lina miaka 18, limetoka Japani, likapitia mikono mitatu Dar es Salaam, na bado limetembea kilomita 62,000 tu. Kila likiuzwa linazidi kuwa kijana. Laiti na sisi tungeuzwa!

Eti propela ya nyuma imevuliwa ili lisile mafuta. Busara hiyo: hata aliyekatwa mguu hununua kiatu kimoja. Cha muhimu, mlangoni nyuma limeandikwa 4WD, na maandishi hayatelezi. Akina mama wanaopanda milima ile na mizigo ya kabichi kichwani hawajaandikwa popote. Ushamba tu.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni lami, kilomita 33 za kona, hapo utapendeza. Mbele kuelekea Mtae udongo ni mwekundu, na masika huanza Machi. Kamba ya kuvutia ninayo, shemeji. Chai ya vijana wa kusukuma utatoa wewe.