Vichwa Elfu vya HD

Mwaka 2007 DirecTV, kampuni ya televisheni ya setilaiti ya Marekani, ilirusha setilaiti mpya kutoka Baikonur, huku ikitangaza kwamba mfumo wake ungepata nafasi ya hadi chaneli 150 za HD. Watu wa kebo, waliokuwa nyuma kwa idadi, hawakubabaika, walibadilisha kinachohesabiwa. Januari 2008 mkuu wa kampuni ya kebo ya Comcast, Brian Roberts, aliahidi machaguo zaidi ya 1,000 ya HD kabla ya mwaka kwisha. Si chaneli, machaguo: kila filamu iliyolala ghalani ikingoja kuitwa nayo ilihesabiwa kichwa. Kwa hesabu hiyo, mama ntilie mwenye sufuria moja ya wali anaweza kutangaza vyakula mia, sahani kwa sahani.

Watetezi watasema ushindani huo ulimfaa mtazamaji. Ni kweli kwa kiasi: bila kusukumwa, kebo isingeona haraka ya kuzipunguza chaneli za analojia zilizojaza waya wake. Lakini waya haupanuki kwa matangazo. Kila nafasi ya megahezi 6 ndani yake hupitisha takribani megabiti 38 kwa sekunde. Wakati huo chaneli mbili za HD zilikaa humo kwa raha, ya tatu iliingia kwa kubanana. Mpira ukichezwa, nyasi ziligeuka vigae. Kwenye bango, hata hivyo, tatu ni tatu. Kampuni zingeweza kutangaza megabiti za kila chaneli, ila tarakimu hiyo ina kasoro moja kubwa: haidanganyi.