Mwacheni Nyota Apendwe Bila Uchawi

Mkurugenzi wa Utumishi,
Makao Makuu ya Starfleet,
San Francisco,
Karne ya 23.

Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAPENZI YA LUTENI NYOTA UHURA, AFISA MAWASILIANO, CHOMBO ENTERPRISE

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu. Naandika nikiwa karne ya 21, kwa hiyo barua hii itakufikia ikiwa imechelewa miaka mia mbili na ushei, muda ambao kwa barua iliyopitia masjala si wa kutisha. Sijui kama damu yako ni nyekundu au ya kijani, wala kama nikuite Bwana au Bibi. Nimeona huko kwenu hata jiwe linaweza kuwa mama wa watu na manung'uniko yake. Basi pokea salamu za jumla, tuingie kwenye shauri.

Mimi ni mkaazi wa Mombasa na mtazamaji wa Star Trek, sina cheo wala ile fulana yenu ya rangi. Haki yangu ya kuandika inatokana na jina. Nichelle Nichols, mwigizaji wa kwanza wa binti huyu, alisimulia kwamba siku ya usaili alikuwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, na Gene Roddenberry, muasisi wa Star Trek, akalipenda neno. Likaonekana gumu kidogo kwa mwanamke, wakaing'oa u ya mwisho wakapachika a. Wakalifanya la kike, kana kwamba nomino za Kiswahili zina kike na kiume. Hilo tumelisamehe. Baadaye akapewa na jina la kwanza, Nyota, likasikika rasmi kwenye filamu ya 2009. Na Strange New Worlds, mfululizo ulioanza 2022, umetuambia kwamba amekulia Kenya. Kwa desturi zetu, binti wa namna hiyo akitakwa, wa kuulizwa tupo.

Aliyenisukuma kuandika ni shangazi yangu, ambaye amekuwa somo wa mabiharusi tangu sijazaliwa. Yeye hana habari na injini wala sayari. Akitazama anataka kujua nani anamtaka nani, na wazee wanasemaje.

Tulianza na usiku wa kwanza, kipindi kilichorushwa 8 Septemba 1966. Uhura yuko kwenye kiti chake, kazi imepooza, chombo kinaizunguka sayari. Anamgeukia afisa mwenzake Spock, anamchokoza kidogo: si uniambie basi kuwa mimi ni mrembo, au unisimulie Vulcan, sayari yako, inavyokuwa jioni mwezi ukiwa mpevu. Spock anamjibu kwamba Vulcan haina mwezi. Shangazi akaomba nirudishe nyuma asikie tena. "Haina mwezi," akasema taratibu. "Sasa hao wanafananisha wanawake wao na nini?"

Baada ya muda, kwenye ujia wa chombo, anatokea kijana mweusi, mtanashati, anamsemesha Kiswahili. Hebu jiweke pale, Mheshimiwa. Uko mbali na kwenu kiasi ambacho hata maili zimechoka kuhesabiwa, kazi yako kutwa ni kusikiliza lugha za watu, halafu mtu anakujulia hali kwa lugha ya nyumbani. Uhura akasimama, macho yakamlegea. Nasi sebuleni tukalegea naye. Kumbe si kijana, ni dubwana linalojigeuza maumbo na kuwanyonya watu chumvi ya mwilini mpaka wafe. Mwanamume wa kwanza kumtongoza binti yetu kwa Kiswahili huko angani, jini! Shangazi wala hakushtuka. Alisema hapa pwani mgeni mzuri kupita kiasi hutazamwa kwanza miguu, isije ikawa ni kwato. Na sitii chumvi hapo. Mwenye shida ya chumvi alikuwa yule.

Tukasonga mpaka 22 Novemba 1968, siku ya lile busu la Kapteni Kirk na Uhura ambalo mpaka leo linatajwa kwenye historia ya televisheni. Ukubwa wake naujua. Ni Juni 1967 tu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipozifuta sheria za majimbo zilizokataza weupe kuoana na wasio weupe, na wakubwa wa televisheni walikuwa wanahofia vituo vya majimbo ya kusini. Waliothubutu nawavulia kofia. Lakini tazama busu lenyewe lilivyopatikana. Kuna mtawala mmoja, Parmen, mwenye uwezo wa kusogeza vitu kwa nguvu za akili yake, naye kwa kutaka burudani anawachezesha maafisa wako kama vikaragosi. Spock analazimishwa kwa muuguzi Chapel, Kirk analazimishwa kwa Uhura. Wanakutana wamekaza shingo kama watoto wanaonyweshwa mafuta ya nyonyo.

Kinachoniuma ni kilichotangulia. Kabla midomo haijakutana, Uhura anamwambia kapteni wake kwamba mara nyingi humo chomboni ameshikwa na hofu, na akiisikia sauti yake, hofu humtoka. Maneno hayo hakuna aliyemlazimisha kuyasema. Yalikuwa yake, na yalistahili kutamkwa mahali pengine, kwa saa nyingine, bila wale wajinga wa Parmen kukaa wakitazama na kucheka. Mkayatupa hapo, wiki iliyofuata mkaendelea na safari kama hakuna aliyesema kitu.

Baada ya hapo kimya. Vipindi 79 kwa misimu mitatu, hadi 1969, na binti anakaa na kile kidude cha fedha sikioni akiwaunganisha wengine. Kirk yeye alipenda mpaka mwanamke wa mitambo, na alipofiwa naye, Spock akamfutia kumbukumbu ili alale usingizi. Kuna aliyewahi kuuliza Uhura analalaje? Alipopewa kazi ya kurembua macho, ilikuwa ni wajibu wa kijeshi: amvute afisa Sulu wa ulimwengu wa pili, yule mwenye kovu usoni, wenzake wapate upenyo. Na kwenye filamu ya 1989, akiwa mtu mzima, mkampandisha kilima usiku acheze na mapepeo ili wanaume wamkimbilie na nyinyi mkaibe farasi. Kwenye filamu hiyohiyo anamwendea fundi Scotty kitandani mwa wagonjwa, anamfungulia moyo. Tukainuka vitini. Shangazi alishaanza kusema fundi ni mume mzuri, nyumba haitavuja. Kumbe Uhura keshapumbazwa na mhubiri Sybok, na Scotty wa watu, mwungwana, anamzuia kwa upole.

Jini, mfalme, mhubiri. Kwetu angeshapelekwa kwa mganga akazinguliwe nuksi. Mimi nasema nuksi iko ofisini kwako. Huwezi kuniambia chombo kizima chenye watu mia nne hakikuwa na mwanamume mmoja mwenye akili timamu aliyeona mwanamke anayeimba vile, akasema nampenda. Mnaandika kama vile kumpenda kunahitaji kisingizio.

Haya, 2009 mkajirekebisha. Nakiri, nilipiga kelele nikaamsha jirani. Spock, yuleyule wa Vulcan isiyo na mwezi, miaka 43 baadaye! Kirk anamlilia amwambie jina lake la kwanza tangu kwenye baa kule Iowa, naye hampi. Jina lile limewekwa kwa mmoja tu. Halafu kuna ile lifti. Sayari ya Spock imeangamia, mama yake amekufa, naye amesimama wima kama mlingoti. Uhura anaisimamisha lifti, anamkumbatia, anamuuliza anahitaji nini. Spock anajibu kwamba anachohitaji ni kila mtu aendelee kufanya kazi vizuri. Hapo shangazi alinyamaza. Baadaye jikoni, huku akichambua mchele, ndipo aliposema: "Huyo amefiwa. Mfiwa husema lolote. Cha kutazama ni kwamba hakuutoa mkono wa yule msichana."

Sasa kuna jambo la kiutumishi, na hili nakuomba unijibu kwa maandishi. Spock alikuwa mwalimu, Uhura mwanafunzi wa chuo. Ili isionekane upendeleo, mwalimu akampangia chombo kingine. Binti akamfuata mbele za watu, akamtajia sifa zake moja moja, mpangilio ukabadilishwa papo hapo, na vyombo vilivyotangulia Vulcan vikateketezwa. Yaani uhai wake aliupata kwa kugombana na bwana'ake juu ya karatasi ya ajira. Ofisi yako ilikuwa wapi? Ipo kanuni, au mnakwenda kwa kudra?

Ila kisa kilichotuvunja mbavu ni cha 2016. Wameachana. Sababu: Wavulcan wamebaki wachache, na Spock anaona ana deni la kuendeleza kizazi. Hapo shangazi hakuhitaji maelezo hata kidogo. Ukoo unamtaka akaoe kwao. Hadithi hiyo tunayo kila mtaa, hata sayari haikulipuka. Aliongeza tu kwamba mwanamume huyu, kwa simulizi ya 1967, aliozwa T'Pring tangu ana miaka saba, na mkewe huyo akaja kumkataa mchana kweupe, kwa hiyo haraka ya kurudi kwao ni ya nini.

Uhura anataka kumrudishia kidani alichompa. Spock anakataa, kwao zawadi hairudishwi. Nikadhani amefanya uungwana. Kisha Uhura anatekwa, na Spock anakumbuka kwamba jiwe la kidani hutoa mionzi, na kwa mionzi hiyo mtu anaweza kujua mvaaji yuko wapi. Daktari McCoy anamtazama kama mtu aliyeona mbuzi amepanda dari: umempa mchumba wako kito chenye mionzi? Umemfunga kifaa cha kumfuatilia? Spock anajitetea kwamba hiyo haikuwa nia yake.

Shangazi alilia kwa kicheko mpaka akavua miwani. Kisha akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kisanduku chake cha dhahabu. Akatoa mkufu aliopewa na marehemu mjomba, akauweka kwenye kiganja changu. Mzito, baridi, kifungo kimelegea na kufungwa uzi. "Huu," akasema, "naye alikuwa akijua niko wapi. Lakini alikuwa akiuliza."

Usidhani namchukia Spock. Kati ya wote mliotuletea, yeye alimtaka Uhura akiwa na akili zake zote, na bado akaja na jiwe la mionzi. Hiyo ni tabia ya Starfleet nzima. Chukua kisa cha 1993 cha maafisa wenu Riker na Deanna Troi, waliowahi kupendana. Ile mashine yenu ya kumyeyusha mtu hapa na kumkusanya kule iliwahi kumtoa Riker pacha: mmoja akaondoka na chombo, akapanda vyeo, akaliacha penzi likafa polepole. Wa pili alisahaulika miaka minane kwenye kituo kibovu, na alipookolewa, neno lake kwa Troi lilikuwa palepale alipoliacha. Mwanamume mmoja, moyo mmoja. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa kazini kwenu. Mimi sihitaji uchunguzi zaidi ya huo.

Na kwenye kipindi hichohicho, anayeiendesha mashine ni Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, aliyerushwa na Endeavour Septemba 1992. Alikuwa mtoto akimtazama Uhura kwenye televisheni. Huyo ni mtu wa kweli, Mheshimiwa, amekwenda kweli na kurudi kweli. Nichols mwenyewe alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Nadhani wote hao walipomtazama Uhura waliona mtu mzima, mwenye kazi, na sauti, na kicheko. Mtu mzima hupenda. Hilo nalo lilikuwa katika mzigo aliobebeshwa, na nyinyi mkalishusha njiani.

Huko Strange New Worlds naona mmemrudisha akiwa kijana mwenye lugha 37 kichwani, yatima, ndugu na wazazi walikufa katika ajali. Spock amepewa T'Pring, akapewa Chapel, akapewa na La'an. Uhura mkampa wimbo, kwenye kile kipindi cha 2023 ambacho chombo kizima kinashikwa na nguvu za ajabu na kila mtu anaimba siri zake. (Uchawi tena! Hamchoki?) Wengine wanaimba ugomvi wa mapenzi yao. Yeye anaimba upweke wa anayewaunganisha wenzake, na anauimba vizuri mpaka nikasahau kukasirika kwa dakika tatu.

Ombi letu ni dogo. Atakayemtaka Luteni Uhura safari ijayo apitie kwanza kwa Daktari McCoy, athibitishwe hajapagawa, hajagawanyika mara mbili, wala hakutoka ulimwengu wa pili. Alete washenga, hata wakiwa na masikio marefu. Zawadi zipimwe. Na maongezi yao yaachwe yafike mwisho, bila king'ora cha hatari kulia mtu anapofungua mdomo. Nimehesabu, na king'ora kina wivu kuliko mke mwenza.

Kama sayari yake haina mwezi, aseme mapema, tutamfundisha la kusema.

Wako katika utumishi wa mapenzi,

Mtazamaji, Mombasa.

Nakala: Balozi Sarek wa Vulcan, kwa kuwa ni baba wa mwanamume, na yeye mwenyewe alikuja kuoa huku Duniani.

Shangazi, ambaye ndiye anayeilamba bahasha, anauliza kama kile kidani huvuliwa usiku.