Jinsi ya Kubandika Kiraka Ukiwa Mkiwa

Kwanza pata pancha. Mahali pazuri pa kuipatia ni Mkiwa, wilayani Ikungi, pale barabara ya Itigi na Rungwa inapochepuka kuelekea Mbeya na kuiacha ile ya Manyoni–Singida. Jina lenyewe lilishakuonya: mkiwa ni mtu asiye na wa kwake, na ndivyo utakavyokuwa saa nane mchana, spea ina upara, malori ya Rwanda na Kongo yanakupita bila hata kupiga honi.

Fundi utamtambua kwa tairi kuukuu alilolisimamisha kando ya barabara. Atakuita bosi, usikatae, ingawa heshima hiyo utailipia kwenye bei. Atachomoa tyubu, ataijaza upepo, ataizamisha kwenye karai la maji na kuizungusha taratibu mpaka mapovu yamwonyeshe tundu. Atapakausha, atapakwaruza kwa msasa, atapaka solusheni, kisha atakaa tu, anaiangalia. Hapo ndipo pa kuingilia. Mwambie una haraka, abandike hivyo hivyo mbichi. Ni kweli solusheni hushika vizuri ikishakauka kidogo, lakini hayo ni mambo ya mafundi. Bosi ni nani?

Kwa kuwa umenyanyua tairi kwa mbwembwe, mgongo sasa unauma. Toa plasta ya dawa kwenye begi. Maelekezo yanataka ngozi safi, kavu, na kila mara sehemu mpya. Wewe bandika juu ya jasho na vumbi, palepale pa jana. Ya jana usiibandue. Wawili hawashindwi na mmoja. Halafu kaa juani, maana joto huharakisha dawa kupenya ngozi.

Hapa kejeli naiweka chini kidogo. Kuna plasta za fentanili, wanazopewa wagonjwa wenye maumivu makali kama ya saratani, na watu wamekufa kwa kuzizidisha, kuzipasha joto au kuazimana. Plasta ya shemeji mwachie shemeji.

Haya, tuendelee. Kama huwa unatapika kwenye basi, ipo ile ya kubandika nyuma ya sikio, inayofanya kazi siku tatu. Ukishaibandika usinawe mikono. Fikicha jicho, mboni itatanuka kama ya bundi, na abiria wa pembeni atahama kiti bila kuombwa.

Imebaki simu, ambayo wiki ya tatu sasa inakusihi uisasishe. Endelea kubonyeza “baadaye”. Una wenzako wengi: Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu kwenye Windows, watu wakasema baadaye, na Mei kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilo hilo katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikiwemo. Na usidhani kuita programu hizo viraka ni mbwembwe za vijana wa mjini. Enzi za kompyuta zilizosoma mikanda ya karatasi yenye matundu, tundu lililokosewa lilizibwa kwa kipande cha karatasi na gundi. Yule fundi wa chini ya mti angeajiriwa siku hiyo hiyo.

Mpirani tu ndiko neno hili lina heshima. Erasto Nyoni alicheza beki wa pembeni, beki wa kati na kiungo, akaitwa kiraka, na ilikuwa sifa. Suruali yangu haijawahi kusifiwa hivyo. Kuhusu viraka vya Katiba ya 1977, muulize mwenye spea nzima. Mimi bado nina safari.

Basi, wakati mwafaka wa kusasisha simu ni huu: chaji asilimia 19, bando la kuungaunga, tairi limeshafungwa na fundi amenyoosha mkono. Bonyeza “sakinisha sasa”. Mpe noti ya elfu kumi.

“Sina chenji, bosi. Tuma kwa simu.”

Mwonyeshe kioo cheusi kilichoandikwa usizime kifaa. Atavuta kigoda, akusogezee na wewe dumu la kukalia. Mtatazama malori, mtazungumzia bei ya alizeti, na karibu na asilimia 60 mtasikia, kutoka upande wa gari, kitu kinapumua polepole. Fundi hatasema neno. Ataliburuta karai lake tu.