Dodoso Limefika Manyoni

Watafiti wa muziki mtandaoni, karibuni Singida. Dodoso lenu limefika Manyoni kwa WhatsApp, na maswali yake ni mengi kuliko nyuzi za zeze. Mzee wa Kigogo anayefundisha muziki anaulizwa anafundishia programu gani, na mwalimu wake alikuwa nani: achague kati ya chuo, video na kozi ya mtandaoni. Hukwe Zawose, Mgogo mwenzake aliyefariki 2003, alijifunza muziki wa Kigogo kwa baba yake, akaufikisha Ulaya. Kisanduku cha “baba” hakimo. Mwisho mzee anashukuriwa kwa “kushiriki bure”. Kweli bure: shahada yenu, bando lake. Mabingwa, mkitaka majibu, lipeni bando kwanza, kisha njooni wenyewe mkae mkekani msikilize.